Mama Vidonda Awaaga Wafu Wake

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwang'oa watu macho, kuwatoboa vifua kwa risasi na kuwafukua makaburini, mpambaji wetu mkuu anastaafu. Kwenye jalada lake la utumishi ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini hapa studio hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Mama Vidonda, naye huitika.

Kwa ninyi vijana mlioajiriwa juzijuzi, mnaopiga picha za matangazo ya sabuni, inabidi nieleze kidogo. Studio hii haikuanza na sabuni. Ilianza na sinema za kauboi na mizuka, zile ambazo mtu anapigwa bastola mchana na kurudi baada ya mazishi kudai haki yake. Nyuma ya karakana tulikuwa na mtaa mzima wa mbao: baa, benki na gereza, zote zina mbele tu, huko nyuma ni fito na misumari. Upepo ukivuma, benki inaanguka. Farasi wetu alikuwa punda, na mpiga picha aliapa kutoyaonyesha masikio yake. Watazamaji walijua, wala hawakujali. Walipiga makofi mpaka viti vikalegea, na mimi makofi yale nayatamani mpaka leo.

Mama Vidonda alikuja kama mshonaji wa vizibao vya makauboi. Mpambaji wa kwanza alipoacha kazi ghafla, mwongozaji alimuuliza kama anaweza kutengeneza tundu la risasi. Akajibu kwamba kama halitofautiani sana na kutia kiraka kwenye suruali, ataweza. Akachukua unga wa ngano, gundi na karatasi ya chooni, akatengeneza kidonda ambacho mlinzi wa getini alipokiona alikimbilia simu kuita gari la wagonjwa. Damu yake ilikuwa ya sharubati nyekundu, kakao na sukari. Kwa utamu ule, maiti wetu walikuwa wakijilamba midomo, na sisimizi nao hawakukosa mwaliko. Ukiangalia vizuri sinema ya *Bastola Kaburini* utawaona wafu watatu wanajikuna.

Shida ilikuwa punda. Alikuwa mwoga kupindukia. Akiona uso uliooza anakata kamba na kutimua mbio. Basi Mama akabuni utaratibu wake: kila anayepambwa lazima akae kwenye kigoda mbele ya punda, ili mnyama aone tangu mwanzo kwamba chini ya funza wale wa bandia yupo mtu anayemfahamu. Ukipambiwa mahali pengine, imekula kwako, punda hakubali kupandwa. Mameneja walikuja na kuondoka, utaratibu ule ukabaki mpaka punda alipokufa kwa uzee.

Aliyekikalia kigoda kile kuliko wote alikuwa mumewe. Alikuja kama seremala wa lile gereza, akaingizwa kwenye sinema kwa sababu alijua kuanguka vizuri. Kwa kuwa alikufa katika kila sinema, tulimwita Marehemu. Marehemu njoo ule, Marehemu viatu vyako hivi hapa. Yeye mwenyewe alicheka sana. Kisha akaugua, akaondoka kweli, bintiye hata meno hayajamaliza kuota. Siku ile tulirudi kutoka mazikoni hatujui tumwite nani. Jina lile lilikuwa limetuharibikia mdomoni.

Mama alirudi kazini, akawaweka wengine kwenye kigoda. Hakulalamika. Ila sisi tuliokaa naye tuliona kwamba tangu hapo alipenda kupangusa kuliko kupaka. Kazi ikiisha alikuwa akiusafisha uso wa mtu polepole kwa kitambaa cha maji vuguvugu, mpaka mwenye uso anaanza kusinzia.

Kisha paa la nyumba yake likavuja wakati wa mvua za masika. Albamu ya familia ikalowa, picha zikagandana, na alipojaribu kuzibandua nyuso zikabaki upande wa pili. Kilichosalia cha mumewe kikawa sinema zetu, na humo kote ameoza, tena kwa ufundi wa mkewe mwenyewe. Binti alikua akimjua baba yake akiwa na funza shavuni. Utotoni alikuwa akijificha nyuma ya kochi sinema zile zikionyeshwa. Ukubwani akaacha kujificha, akaanza kuuliza: mdomo wake ulikuwaje, alikuwa na kishimo shavuni? Mama alimweleza alivyoweza. Lakini aliwahi kuniambia, tukiwa tunakunywa chai, kwamba kila mwaka anakikumbuka kidonda vizuri zaidi na shavu linazidi kumpotea.

Ndiyo maana kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka friji au kochi, alikataa vyote viwili. Stoo ya kanda za zamani inageuzwa kuwa ofisi ya mauzo, na kanda zinatupwa. Akaomba kitu kimoja tu: kabla hazijatupwa, tumtafutie kipande cha siku ile ya makosa.

Siku hiyo tulikuwa tunapiga picha ya kauboi anayefufuka. Mumewe alikuwa ametangulia kulala ndani ya jeneza ili kupima kama anaenea, bado hajapambwa. Punda akakata kamba. Mama akamkimbilia, brashi mkononi. Mwongozaji, akidhani kila kitu tayari, akapiga ukelele tuanze. Na Marehemu, kwa utii wake, akafufuka.

Kipande kile kilikatwa, kwa kuwa hakikufaa. Kukitafuta ikawa kazi yangu mimi mhariri wa picha. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Nadhani hawakuwahi kuingia stoo yetu. Nusu ya kanda zimeota ukungu, na mashine ya kuzichezesha inakohoa kuliko mimi. Nilichoka, sikupata, nikachoka tena. Nilikipata mwishoni mwa kanda moja ya majaribio ya benki kuanguka.

Nikawaita yeye na binti yake. Picha inatikisika kidogo. Mbao zinainuka, udongo unamwagika, na kauboi anatoka kaburini ananguruma, uso wake safi kama wa bwana harusi. Kisha anamwona mkewe anarudi akimvuta punda. Anaacha kunguruma, anacheka. Hapo picha inakatika.

Mama akasema, kumbe alikuwa kijana hivi. Miaka yote hii kichwani mwangu amekuwa akizeeka pamoja nami. Binti, ambaye sasa amemzidi umri baba yake wa kwenye picha ile, alisogea karibu na kioo, akakitazama kile kidevu, akajishika chake. Akaniomba nirudishe mwanzo. Nilirudisha, nikarudisha tena, na ningeweza kurudisha mpaka kesho.

Kamati ilitaka kipande hicho kionyeshwe leo ukumbini. Mama amekataa. Amesema wafu wengine wote ni wa studio, huyu mmoja ni wake. Kwa hiyo wageni waalikwa mtaonyeshwa *Kauboi Asiyezikika*, na tafadhali mshangilieni sana akifa, kama zamani.

Asante, Mama Vidonda, kwa vidonda vyote ulivyotutia bila kutuumiza, na kwa mikono iliyotusafisha nyuso kabla hatujarudi kwa watoto wetu. Tutakukosa, na hilo nalisema bila kuzunguka. Tunakutakia afya, raha na siku nyingi za kupumzika. Na kila utakapomkumbuka mzee wako, ukujie uso wake, si kidonda.