Ulamila, Msichana Niliyemcheka Hewani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Ulamila Rokovada, binti wa kijiji chetu hapa ng'ambo ya Mto Rewa. Amefariki Jumanne kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka ishirini. Miaka ishirini tu.

Mwaka ule wa korona alikuwa na kumi na sita. Shule zilifungwa, barabara ikawekewa kizuizi cha polisi. Yeye na wenzake watatu walipanda kilima cha nyuma ya kanisa, mahali simu zinaposhika mtandao, wakakaa mbalimbali. Mmoja alisoma maswali ya shule kwenye simu ya mama yake, wengine wakajibu kwa kupaza sauti.

"Ulamila, hesabu huziwezi, kachemshe magimbi!"

"Njoo uyale, labda utapata akili!"

Wenzake hawakujua kwamba Ulamila alikuwa akichomwa kila mwezi sindano ya kuulinda moyo wake. Hakutaka kuonewa huruma. Kliniki ilikuwa upande wa pili wa kizuizi, na kibali cha kupita kilichelewa. Basi akapita kwenye mikoko, matope hadi magotini, akachomwa sindano, akarudi. Mtu akamwona. Wiki hiyohiyo watu watano kijijini wakaugua korona.

Mtu huyo aliniletea ujumbe hapa redioni. Nami niliusoma. Jina sikutaja, ila nilitaja kijiji, nikataja mikoko. Nikasema, "Mapenzi haya, jamani! Dada yetu kamfuata mpenzi, katurudia na zawadi!" Nikacheka. Nilicheka sana, wasikilizaji.

Kijiji kizima kilijua ni nani. Kule kilimani wakaanza kumwita Zawadi. Akaacha kupanda. Alipimwa, hakuwa na korona. Habari hiyo niliipata. Sikuitangaza.

Barabara ilipofunguliwa, hakurudi kliniki. Muuguzi alimfuata nyumbani mara mbili, akajificha. Mama yake, Mama Vilisi, ameniambia: "Nilimsihi, mwanangu, twende. Akasema, 'Mama, nikishika tu njia ile wananitazama. Nitakwenda mwezi ujao.' Kila mwezi, mwezi ujao."

Jumatano nilikwenda kwao na jino la nyangumi, kuomba radhi kama desturi yetu inavyotaka. Nilipiga magoti. Nikamkabidhi. Mama Vilisi alilishika lile jino muda mrefu.

"Nimelipokea, Semi. Lakini mwanangu hukumcheka humu ndani. Ulimcheka redioni. Nenda kaseme hukohuko."

Basi nasema. Ulamila hakumfuata mpenzi. Ulamila alifuata sindano. Narudia, kwa wote walionisikia siku ile: alifuata sindano, na ugonjwa ule hakuuleta yeye.

Mama Vilisi, na ukoo wote, poleni sana. Sina haki ya kulia mbele yenu. Na wewe unayenisikiliza, ikiwa nyumbani kwako yuko kijana aliyenyamaza tangu mwaka ule, keti naye leo. Usimtanie. Muulize.

Mimi ni Semi Tavaga. Nilikuwa na kipaza sauti, na sikumuuliza hata swali moja.