Isale la Lambert Ladislaus Tesha (1957–2024)

Kila Desemba, nyuma ya duka la Pradip kule Wembley, ilisikika sauti ya mti wa Krismasi ukivutwa kupitia wavu wa kuufungia: kwaruuu, kisha kimya. Matawi yalikunjwa, mti ukatoka mwembamba kama mwavuli uliofungwa. Wengi wetu tuliopo hapa tunamkumbuka Lambert kwa sauti hiyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mtoto wa tatu wa Mzee Ladislaus na Mama Apolonia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kilema, akamaliza sekondari mjini Moshi mwaka 1975, akawa karani katika kiwanda cha kahawa.

Tarehe 5 Julai 1986 alifunga ndoa na Priscilla, muuguzi. Priscilla alipata kazi London mwaka 1991, naye Lambert akamfuata miaka miwili baadaye. Walikaa Neasden. Binti yao, Aika, alizaliwa mwaka 1995.

Hapa London alifanya kazi kwa Pradip, muuza maua na vifaa vya bustani, naye mzaliwa wa Moshi. Walitaniana kwa Kiswahili mbele ya wateja.

“Wewe Mchaga gani? Krismasi ndugu zako wote wako njiani kwenda nyumbani, wewe unawauzia Wazungu miti.”

“Na wewe Mhindu, Krismasi inakuhusu nini?”

Miti yenyewe ilikuwa misunobari ya Nordmann. Aliyeuliza, Lambert alimweleza: asili yake ni milima iliyo mashariki na kusini mwa Bahari Nyeusi, Georgia, Uturuki na kusini mwa Urusi. Huko mti huo hukua ukapita mnara wa kanisa. Mbao zake hujengewa nyumba, hutengenezewa pia karatasi, na hadi leo kuna watu wanaoparamia vileleni kuchuma mbegu. Jina ni la msomi mzaliwa wa Finland aliyeukuta huko karne ya kumi na tisa. “Wenyeji walikuwa nao siku zote,” Lambert alipenda kuongeza. “Hata mlima wetu uligunduliwa sisi tukiwa tunaishi juu yake.”

Watu waliupenda kwa sababu hauchomi mikono, na ukishakatwa haupukutishi majani upesi. Sifa hiyo ilimponza. Mwaka Aika alipoanza shule, alichukua mti uliobaki dukani, akauchomeka ardhini nyuma ya nyumba. Kwetu Kilimanjaro kuna isale, mmea wa mipaka na makaburi. Ukilikata ukalichomeka tu, linaota. Basi akaumwagilia. Februari ulikuwa kijani. Machi ulikuwa kijani.

“Baba, it’s dead,” alisema Aika.

“Ungekuwa umekufa ungekuwa kijani hivi?”

Baada ya Pasaka ulipukutika wote. Pradip alicheka mpaka akakaa chini. Lambert hakuung’oa hadi kiangazi.

Desemba ndipo Wachaga hurudi nyumbani. Desemba ndipo miti huuzwa. “Mwaka ujao,” alisema kwenye simu, kila mwaka. Mzee Ladislaus alifariki tarehe 19 Desemba 2009, na Lambert alifika Kilema baada ya maziko. Dada yake, Valeria, alikaa muda mrefu bila kumsemesha.

Mwezi Mei mwaka huu alipatikana na saratani ya kongosho. Kwa wiki nyingi alionekana mzima. Kila aliyekuja kumwona alisema hivyo. Oktoba alilazwa, na Valeria akaja kutoka Kilema na isale limeviringishwa kwenye kanga. Kwetu, anayeletewa isale hakatai anachoombwa. Valeria aliomba jambo moja: kaka yake azikwe kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya baba yao. Priscilla alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Alitaka kaburi analoweza kulifikia kwa basi.

Lambert alifariki tarehe 11 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kando yake. Ameacha mjane, Priscilla, binti, Aika, dada, Valeria, na rafiki, Pradip, aliyeleta matawi ya msunobari yaliyo juu ya jeneza. Bado ni kijani.

Udongo wa hapa umlaze pole pole, na Mungu amfikishe kwao.

Ndugu waliouliza kwa nini hatumpeleki Kilema, jibu ni hili. Siku ile alilipokea isale kwa mikono miwili. Akaliweka kifuani, akamtazama Priscilla. Kisha akamrudishia dada yake isale lile lile, kwa mikono miwili, na sasa mwombaji akawa yeye. Sauti ilikuwa ndogo, tuliinama kumsikia.

“Lipande hapa, kaburini kwangu, Valeria. Halitaota. Lipande tu.”