Tumefungwa Bila Gundu

Benchi liko nje ya londri ninayoisimamia hapa Hyattsville, Maryland, Marekani, kati ya mashine ya soda na simu ya ukutani, na asubuhi ile ya Alhamisi, Oktoba 1997, lilikuwa limekaliwa na wanaume watatu wenye sura za msibani. Jana yake Baltimore walifungwa na Cleveland moja bila, nyumbani kwao, na safari ya fainali ya besiboli ikaishia hapo. Sina ugomvi na mtu anayelilia timu. Ugomvi wangu ulikuwa juu ya Gundu, mzee aliyewafundisha hawa watu besiboli kwenye tivii yangu, tangu wakiita kila mkimbio bao. Jina walimpa wao wenyewe, eti ana mkosi. Timu ilipofungwa mara tatu mfululizo, kila mara kwa mkimbio mmoja tu, walimkalisha hapa Jumatatu wakampiga marufuku: asiangalie mechi, asisikilize, asitie mguu hapa mpaka yaishe. Niliwaambia huo ni upuuzi, wakanijibu nikakunje nguo. Jumatatu hiyo hiyo timu ikashinda bila yeye, wakaruka kama watoto. Lakini walikuwa wamemwahidi mzee kitu: tukifungwa bila wewe, tutakuomba radhi mbele za watu. Sasa walikuwa wamefungwa bila yeye, nami nilileta kahawa mapema nisikie hiyo radhi.

Wa kwanza kufungua kinywa ni Kocha, Mnyakyusa anayebeba maboksi ghalani na ambaye hajawahi kufundisha hata timu ya mtaa.

Kocha: Hatujafungwa sisi. Jumlisheni mabao ya mechi zote sita. Sisi kumi na tisa, wao kumi na nane. Kwa mpira unaoeleweka duniani, tumepita.

Mimi: Hii siyo nyumbani na ugenini, Kocha. Anayepita ni wa kwanza kushinda mechi nne. Gundu alikueleza mpaka akachoka.

Kocha: Mama Londri, usinitajie huyo mtu asubuhi asubuhi.

Mimi: Namtaja. Mmefungwa bila yeye. Radhi iko wapi?

Hapo akadakia Wakili, Mkalenjin wa Eldoret. Siku moja aliitwa mahakamani Upper Marlboro kwa kosa la kupita taa nyekundu, na tangu siku hiyo anazungumza kisheria.

Wakili: Objection! Hiyo haijaprove kitu. Nani alimwona kama hakuwatch? Si angekuwa kwake amefungulia TV, amejifunika blanketi?

Mimi: Hana tivii. Ndiyo maana alikuwa anakuja kwangu.

Wakili: Redio basi.

Mimi: Betri za redio ulimnyang'anya wewe mwenyewe.

Wakili akazitoa mfukoni, mbili, akazisimamisha juu ya benchi.

Wakili: Ni ukweli, hizi hapa, ni exhibit. Lakini maze, betri zinauzwa kila duka.

Wa tatu ni Balozi, Mkongo aliyewahi kuosha magari ya ubalozi fulani mjini. Huyo huwa anaacha wenzake wachoke kwanza.

Balozi: Bon, muniache niseme. Mzee hakuangalia, hakusikia, d'accord. Mais alifikiri! Mtu anaweza kufikiri mechi na macho yamefungwa. Mkosi inapita mule mule kwenye mawazo.

Kocha: Hapo umenena. Nyumbani kamati ya ufundi, wale wa ndumba za timu, isingefanya kosa kama letu. Ingempakia kwenye basi mpaka Cleveland, ikamkalisha katikati ya mashabiki wao, awaharibie huko. Sisi tumemwacha hapa hapa Maryland, jimbo moja na uwanja. Tulitegemea nini?

Wakili: Na usisahau Jumatatu. Tulimban, tukashinda. Evidence gani ingine mnataka?

Mimi: Na jana? Jana alikuwa amefunguliwa?

Balozi akanywa kahawa yake taratibu.

Balozi: Justement. Jumatatu alikuwa na hasira na sisi. Alitutakia mabaya, na yule akitaka mabaya, mazuri inakuja. Tukashinda. Lakini ule ni mtu muzuri, hasira yake haikai. Jana ilikuwa imeisha. Alitusamehe. Akatuombea tushinde. Voilà, tukafungwa.

Kocha: Yaani kosa lake ni kutusamehe.

Balozi: Kosa kubwa kabisa.

Nilisikia hasira, nikaweka kikombe chini. Watu wazima watatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kurusha mpira ule, wamekaa wanamsulubu mzee kwa sababu ana moyo safi.

Mimi: Niambieni kitu. Mlitabiri nini kabla ya kuanza? Kocha ulisema Baltimore, nne kwa moja. Wakili, Baltimore. Balozi, Baltimore, tena ukaapa. Gundu naye akasema Baltimore. Mmekosea wote wanne. Mbona mkosi ni wa mmoja?

Kocha: Sisi tulitabiri kwa akili. Yeye alitabiri kwa mapenzi.

Mimi: Hamna haya. Yule mzee ana nani nchi hii? Akitoka kazini, kwake ni hili benchi na ile tivii. Mmemnyima vyote, na akawatii. Akitokea sasa hivi, nani anaanza kumwomba radhi?

Kocha: Akija tutaongea.

Wakili: Tutampea kahawa. Lakini kuapologize, hapana, hiyo ni ku-admit liability, ni kukubali makosa.

Kocha: Na mwakani aanze kwa majaribio. Zile mechi za Aprili, za kuanza msimu, zisizo na maana, aangalie. Oktoba asisogee.

Wakacheka. Walicheka vizuri kabisa, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na bado walikuwa wanacheka gari dogo lilipoegeshwa mbele yetu. Akashuka mama mmoja Mmarekani mweusi, amevaa sare za hospitali, macho mekundu ya mtu aliyekesha kazini.

Zalika: Hamjambo. Mimi ninaitwa Zalika. Nilijifunza Kiswahili chuoni. Tafadhali, hili ndilo benchi la londri?

Kocha: Ndilo, dada. Karibu.

Zalika: Jana jioni mzee mmoja aligongwa na gari karibu na Bladensburg. Hana kitambulisho. Ana koti la kijani na redio ndogo isiyo na betri.

Hakuna aliyethubutu kuzitazama zile betri mbili juu ya benchi.

Mimi: Yuko hai?

Zalika: Yuko hai, lakini hali yake si nzuri. Amefanyiwa upasuaji, bado hajaamka. Kabla ya upasuaji alisema maneno machache. Wenzangu hawakuyaelewa, wakaniita mimi. Alisema kwamba katika nyumba anamopanga watu wote walikuwa wanatazama mchezo. Kwa hiyo alitoka, akatembea barabarani ili asisikie. Halafu akasema, londri, Hyattsville, kwenye benchi. Waambie sikuangalia.

Wakili: Woi.

Zalika: Alirudia mara nyingi. Waambie sikuangalia. Sikujua maana yake, lakini niliahidi. Ninyi ni jamaa zake?

Mimi: Ndiyo. Ni sisi.

Zalika: Nimefurahi sana. Tunataka kuitafuta familia yake. Jina lake ni nani?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa najua anavyoinywa kahawa, bila sukari, na kwamba husimama mpira ukipigwa juu, kama vile yeye ndiye wa kuudaka. Najua kikohozi chake kabla hajakunja kona. Nikamgeukia Kocha, Kocha akamgeukia Wakili. Balozi alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza, anatafuta jina mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kocha: Sisi hapa... sisi tunamwita Gundu.

Zalika akachomoa kalamu mfukoni mwa sare, akaandika mgongoni mwa mkono wake, herufi moja moja, kwa uangalifu. Akalisoma. Akatabasamu, maskini, tabasamu la mtu aliyepewa kitu cha maana.

Zalika: Gundu. Neno hili sikufundishwa. Lakini mwalimu wetu alisema kwamba majina yenu huwa na maana. Langu nililichagua mwenyewe kwa sababu ya maana yake. Akiamka, nitakuwa karibu na kitanda chake, na ninataka kumwita kwa jina lake. Gundu maana yake nini?

Alitutazama mmoja mmoja, kalamu bado mkononi. Wakili, ambaye tangu nimjue hajakosa neno, alikuwa anatazama viatu vyake.