Sungura wa Fundi Amevua Koti

Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyemwogesha. Ni kinyozi, na nikiona manyoya yamekaa ovyo mkono unaniwasha. Sungura wa jirani yangu, fundi cherehani, alipoanza kupukutika, nilimtia kwenye beseni nikamsugua kwa shampuu ya wateja. Akakakamaa kwa hofu, nusura roho imtoke. Fundi hakunigombeza. Alimkausha, akamkumbatia mpaka akaacha kutetemeka. Tangu hapo namheshimu sana mtu yule. Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, hulowesha viganja kidogo akampapasa mgongoni taratibu, manyoya yaliyolegea yakamnata mikononi. Ndipo huchukua brashi laini. Mengine hurukia suti nyeusi za watu, naye huyabandua moja moja bila kununa. Juzi tulikuwa kwenye benchi letu mbele ya duka lake: mimi, Fundi, dereva mstaafu tunayemwita Breki, na muuza magazeti, Kamusi, ambaye hajawahi kusema “sijui”. Birika lilikuwa la moto. Sungura alijikunja kapuni, manyoya yanamtoka mafungu mafungu.

— Jamani, leo yamezidi, alisema Fundi. Nisije nikampoteza.

— Injini inachemka hiyo, akasema Breki. Gari likichemka unafungua boneti. Na yeye anajifungua boneti.

— Breki, huyu hana boneti! akadakia Kamusi. Huyu katoka shamba. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini.

— Sasa jogoo na sungura wapi na wapi? akauliza Breki.

— Wote wanafugwa! Halafu ile cherehani ya umeme inavuta manyoya. Ikinguruma tu, yanaitika.

— Kwa hiyo hata nywele za kipara chako zilivutwa na cherehani? akasema Breki.

Tulicheka, hata Fundi akatabasamu, ila mkono wake haukutoka mgongoni mwa sungura.

— Mtazame, nikasema. Brashi anaipitisha kama anamchana mtoto mchanga.

— Wanangu saba, akasema Breki, sikuwahi kumchana hata mmoja hivyo. Fundi, una moyo.

Kamusi akamimina kahawa, akaja na kubwa zaidi.

— Sikilizeni. Kutwa nzima sungura anaona nguo zinakatwa kwa mkasi. Ameona bora avue mwenyewe kabla hajafikiwa. Ni woga huo! Lakini asihofu, kipya kinyemi ingawa kidonda. Koti jipya linakuja.

Hapo akafika dada mmoja kufuata sketi yake. Hatukuwa tumemwona kabla. Akainama kapuni.

— Kupukutika ni kawaida yao, alisema. Ila amekula leo?

Fundi akasema:

— Nimemwekea, dada.

— Kuweka umeweka. Amekula?

Tangu asubuhi tulikuwa tumeyachambua manyoya, tumbo hakuna aliyeliuliza.

Fundi akakimbilia ndani. Akarudi na kibakuli kimejaa kama alivyokiacha jana yake, na kwenye kipande cha gazeti, vidonge vya kinyesi vimeungana kwa manyoya kama shanga kwenye uzi.

— Hajagusa kitu, alisema.

— Anajilamba, anayameza, na hawezi kuyatapika, akasema dada. Yamemziba. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Fundi akafunga duka, wateja wakiwa mlangoni. Sijawahi kumwona akifanya hivyo, hata alipougua mwenyewe. Breki alibeba kapu kama limejaa mayai. Kamusi alitusafishia njia.

Namshukuru Mungu, daktari alisema tumewahi. Alimpa dawa, akaagiza brashi iendelee kila siku, maji yasikauke, na nyasi kavu kwa wingi zimsukumie tumbo. Jana jioni tulimsikia akitafuna, na Fundi akageukia ukuta akajifuta macho.

Tatizo nyasi zimebaki konzi moja. Ndugu yangu, kama unajua zinakopatikana, safi, zisizo na vumbi, tuletee mzigo hapa kijiweni.