Kahawa ya Baba Watoto

Wakubwa wangu shikamooni, na wengine hamjambo. Nimeombwa nishuhudie, nami nitashuhudia, ila nisiwadanganye: kilichoniinua si roho nzuri. Ni wivu.

Mnakumbuka kikundi chetu kilitupeleka mjini Moshi, mafunzo ya uongozi kwa wakulima. Asubuhi ya kwanza mwalimu akataka kila mtu asimame aseme yeye ni nani. Jirani yangu, tulioolewa mwaka mmoja na tunaomwagilia kwa mfereji mmoja, akasimama na kitenge kipya: "Mimi ni mkulima wa kahawa, tena kiongozi." Ndugu zangu, nilimwonea wivu kweli kweli. Kahawa yake naijua, imejaa maotea, vichipukizi ambavyo hajavikata. Zamu yangu ikafika, nikasema, "Mimi namsaidia tu baba watoto kwenye kahawa yake."

Jirani akageuka. "Mama, baba watoto si tulimzika?"

Ukumbi mzima ukacheka. Na ni kweli, mwenzangu amelala kihambani, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba, miaka mingi sasa. Lakini kwetu mnajua, ndizi ni za mama, kahawa ni ya baba. Napogoa mwenyewe, napiga dawa mwenyewe, nachuma mwenyewe, halafu nasema nasaidia.

Tangu hapo sikumsalimia. Akijibu swali, roho inaniuma. Akisifiwa, chai hainipiti. Siku ya kuchagua kiongozi wa darasa, mwalimu akasema anayetaka asimame ajieleze. Jirani akasimama. Nikashtukia nami nimesimama, wivu umeninyanyua kitini. Nikasema, "Mimi ni mkulima wa kahawa. Aliyeniachia hajakata tawi hata moja tangu tumzike." Safari hii hakuna aliyecheka.

Alishinda yeye, na iliniuma sana. Ila niliporudi nyumbani nilipita kaburini nikamwambia, "Baba, pumzika. Kahawa sasa ni yangu."

Namshukuru mwalimu, na ninyi mliowakatia majani ng'ombe wangu nikiwa darasani. Namshukuru na jirani, yuko pale nyuma anacheka, na kitenge chenyewe ni kile kile. Dada, wivu bado ninao, na uchaguzi ujao tutasimama wote. Nanyi akina mama ambao waume zenu wamekaa hapo pembeni, wazima kabisa, msisubiri muwazike ndipo mjiite wakulima.