Mzee Rudisha, Mkwe Wake na Chenga za Pale Penye Busu

Tarehe thelathini mwezi huu Mzee Rudisha anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya kunakili sinema. Kabla sijaendelea, salamu ziende nyumbani kwake. Yeye mwenyewe shikamoo, na macho yanaendeleaje? Salamu kwa mkewe, mama yetu, naomba ile dawa ya goti aipake asubuhi na jioni, siyo mpaka akumbuke. Salamu kwa binti yao mkubwa. Salamu kwa mume wa binti, ambaye ni fundi mwenzetu na tunaonana naye kila siku, lakini nyumbani ni nyumbani, naye asalimiwe. Salamu kwa mapacha, wavae sweta. Salamu kwa shangazi yao wa chumba cha uani, na kwa yule mdogo kabisa, sijui kama ameshaota jino. Sisi huku hatujambo.

Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu meza yangu ya kufunga kava imepakana na chumba cha ukaguzi, na kilichotutenga ni ubao tu. Hakuna alichosema mzee huyu nisikisikie.

Alianza kwa kubeba maboksi. Akajifunza mashine kwa kuangalia, mpaka akawa mkaguzi, yaani mtu wa kuitazama kila sinema mwanzo hadi mwisho kabla haijaenda dukani. Jina la Rudisha tulimpa sisi. Picha ikitetemeka kidogo tu, kama ukope, utamsikia: "Rudisha!" Mkewe anasema hata akimsimulia habari za sokoni haraka haraka, anaambiwa arudishe.

Lakini habari inayotajwa kila chai ikinywewa hapa ni ya ile sinema ya wanafunzi. Wakati huo zilikuwa bado kanda. Ni sinema ya kuchekesha, mvulana anajiunga na darasa la mapishi ili tu akae karibu na msichana, na kila anachopika kinaungua. Ilikuwa ya kwanza karakana kuitoa kwa jina lake. Tajiri wetu alitutangazia wazi kwamba ikikataliwa madukani, mlango unafungwa na kila mtu ashike njia yake.

Mzee akaikagua pamoja na mkwe wake, chumba kidogo, televisheni moja, viti viwili vinagusana. Wakacheka vizuri tu, nawasikia. Kufika karibu na mwisho, unga umemwagika, wale watoto wawili wametapakaa weupe, wanasogeleana. Hapo mkwe akakumbuka birika. Mzee akainama chini ya meza kutafuta bisibisi. Bisibisi hiyo aliitafuta mpaka muziki wa mwisho ukaanza. Kila mmoja akaamini mwenzake ameangalia, wakaipitisha.

Kanda zikauzwa zote. Hakuna aliyelalamika. Tukapongezana.

Kumbe binti yangu, ndiyo kwanza ameingia sekondari, aliirudia peke yake nikiwa kazini. Akaniuliza, "Mama, mbona pale wanapobusiana ni chenga tupu, picha hakuna?"

Nikamwambia, "Wewe pale ulikuwa unatafuta nini?"

"Si nilikuwa naangalia sinema, mama."

Mimi niliitazama na mama mkwe wangu, na kufika hapo nilikuwa nimekwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu. Sikulala. Nilijiuliza, je, wateja wakirudisha kanda, tutakula nini? Asubuhi nikabisha ule ubao.

"Mzee, kanda ina kasoro."

"Wapi?"

"Kule mwishoni."

"Mwishoni ni pakubwa, mama. Wapi?"

"Baada ya unga."

Mzee akamwita mkwe wake. Mkwe akasema birika linachemka. Mzee akasema, "Kaa." Wakakaa wakatazama chenga kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Halafu ikabidi watazame kanda mama, ile inayonakiliwa, wajue kama na yenyewe imeharibika. Haikuharibika. Busu lilikuwamo, zima, refu, na mkwe yuko ubavuni. Lilipokwisha mzee akakohoa, akasema, "Sauti iko sawa."

Tajiri alitaka tunyamaze, maana hakuna mteja aliyesema neno. Mzee akamjibu, "Yuko mmoja ameona, na ni mtoto. Watoto wanasema." Akanakili upya, akapakia kanda kwenye baiskeli, akaanza kuzunguka kwa walionunua, wenye maduka wakimwelekeza.

Kazi ikawa kwenye kubadilisha. Kila nyumba baba anatoka na kifua mbele: "Sisi tumeiangalia yote, ni safi kabisa." Nyuma yake watoto wanabana kicheko. Mzee hakubishana na mtu. Alikuwa anasema, "Najua ni safi, ndugu yangu. Nimekuletea iliyo safi zaidi." Wakapokea. Hakuna duka lililokataa sinema yetu, na karakana iko wazi mpaka leo.

Tangu hapo chumba cha ukaguzi kina sharti lake mzee mwenyewe: sinema itazamwe na wawili wasiooneana haya. Wakwe hapana. Mzazi na mwanawe hapana. Hata tajiri analiheshimu.

Sasa mniwie radhi, hapa ndipo roho yangu haitulii. Kiti cha mzee amepewa binti yangu, yuleyule wa chenga, amekua na ana akili ya mashine kunishinda. Anaanza Jumatatu. Kazi yake ya kwanza ni sinema ileile, inatoka upya kwa dividii. Kiti cha pili ni kitupu. Mkwe wa mzee anamwita binti yangu "mwanangu", anaona haya. Vijana wa mashine wanataka kukaa wote, na hao mimi ndio siwataki. Mimi ni mama yake. Bila mtu wa pili sinema haitoki, na ikipitishwa hivyohivyo ikawa na kasoro, lawama ni ya mgeni wa kazi.

Mzee amesema akishaaga hataki kuonekana hapa, asije akawa mzee wa kuzubaa mlangoni. Tumemsikia. Lakini tangu siku ya ile baiskeli binti yangu anamwita babu, naye anamwita "mke wangu mdogo" na kumdai chai, wanataniana mpaka ubao unatikisika. Babu na mjukuu haya itoke wapi? Ni alasiri moja tu kwa wiki. Macho yakichoka, ya mtoto yapo, yeye akae tu aseme rudisha.

Mzee wetu, karakana nzima inakushukuru, na tunakuombea pumziko jema, miguu juu, chai ya moto na mama yetu karibu. Bisibisi nimeitoa chini ya meza, nimeiweka juu mahali pa kuonekana, usipate sababu ya kuinama. Tafadhali tuma jibu upesi, hata kwa mdomo wa mkwe, kabla ya Jumatatu. Kiti nimeshakipangusa.