Bwana Hatua, Ramani ya Bondeni na Jozi ya Viatu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu katika Idara ya Ramani, mpimaji wetu mkuu anastaafu na kurudisha ufunguo wa kabati ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuruhusiwa kulifungua. Sisi humwita Bwana Hatua, maana hata akienda kuchukua chai huhesabu hatua. Kutoka mezani kwake hadi kwenye birika ni kumi na tisa.

Alianza kwa kuchora kwa mkono, kwa kalamu ya wino na wembe wa kukwangulia makosa. Kompyuta zilipoletwa alinuna miezi miwili, kisha akatupita wote. Vijana tuliomcheka ndio tunaomwita hadi leo faili zikigoma.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo ni ile ya mtaa wa bondeni. Mnakumbuka magazeti yalivyoandika: wizi, bondeni, fujo, bondeni tena. Wauguzi watatu mfululizo walikataa kupangiwa kule, na zahanati ikapewa miezi sita tu: isipopata muuguzi, inafungwa. Kina mama wakajifungulie wapi? Jambo hilo lilimkera Bwana Hatua hadi akasusa chai.

Akakusanya habari zote za mwaka mzima, akaweka kila tukio mahali lilipotokea hasa kwenye ramani ya kidijitali. Kati ya habari hamsini na nane za bondeni, arobaini na saba zilitokea kwingine kabisa! Zile kumi na moja za kweli aliziwekea alama nyekundu, hakuficha hata moja. Kisha akaingia bondeni mwenyewe, simu mkononi, akiongozwa na mama mmoja fundi cherehani anayejuana na kila mtu, wakaweka alama za mabomba, maduka, shule na taa za barabarani.

Siku ya tatu, akitoka nyumbani kwa mwalimu mmoja, hakuvikuta viatu vyake mlangoni. Lo! Alirudi ofisini na kandambili za kuazima, akaongeza alama nyekundu ya kumi na mbili: wizi wa viatu. Tulicheka hadi machozi.

Wiki iliyofuata fundi cherehani akaja na viatu, vimepigwa rangi vinang'aa. Babu wa jirani, ambaye macho yamemchoka, alivivaa akidhani ni vyake. Alipogundua, alihangaika siku nne kumtafuta mwenyewe.

Bwana Hatua aliona aibu na hakutuficha: yeye anayewasuta waandishi ndiye aliyemwona mwizi pasipo mwizi. Tukamshauri aifute ile alama. Akakataa katakata. Aliibadilisha rangi tu na kuandika chini yake kwamba hapa alidhani ameibiwa.

Ramani ilipotoka, gazeti moja liliomba radhi ukurasa wa ndani, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Haidhuru. Muuguzi mmoja aliyekuwa akisitasita aliifungua kwenye simu, akafika kwenye alama ya viatu, akacheka peke yake, akafunga mizigo kuja bondeni. Alitusimulia mwenyewe. Zahanati iko wazi hadi leo, na watoto wanazaliwa.

Bwana Hatua naye amejenga huko huko, hatua mia mbili na sita kutoka zahanati. Kahesabu, bila shaka.

Asante, kaka yetu, kwa kutufundisha kwenda kuona kabla ya kusema. Wewe na mama watoto tunawatakia mapumziko marefu na afya tele. Viatu viache mlangoni.